Waya wa Ardhi

Juzi Baba Mdogo alileta gari kwenye duka langu la redio za magari, Nzuguni. Harufu ya waya ulioungua ikanirudisha kijijini Haneti, mchana mmoja wa utotoni alipokuwa akifunga kwenye gari spika zilizoandikwa wati mia tano, nami nikiamini zingesikika mpaka Msalato.

“Huu mweusi ni waya wa ardhi,” aliniambia. “Haya, ufunge.”

Nikachimba karibu na tairi, nikaufukia, nikaumwagia na maji. Leo najua ardhi ya gari ni bodi lake la chuma.

“Jamani, njooni! Mtoto wa kaka anapanda waya kama karanga!” Baba Mdogo aliita. Watu walicheka. “Rudi jikoni, binti. Hii kazi huiwezi.”

Basi juzi nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Kisha nikamwacha na gari lake juani, nikanywa chai taratibu, nikaagiza kikombe cha pili.