Kodi ya Mume Aliyekwishaondoka

Zuena wa Temeke, msusi wa mikeka, aliachwa na mumewe Muhsin kwa heshima zote: talaka ikatolewa mbele ya mashahidi, eda ikakaliwa ikaisha, na bwana akahama na sufuria pekee isiyovuja. Nyumba alimwachia, kwa ukarimu wake. Zuena alikuwa ameirithi kwa mama yake.

Ilikuwa miaka ile Mwingereza anatoza kodi hadi kichwa cha mtu. Asubuhi moja matarishi wawili wa jumbe wakabisha hodi.

"Muhsin hajalipa kodi tangu mwaka juzi," akasema mkubwa wao. "Kaandikisha kwamba anakaa hapa, na wewe ndiye mkewe."

"Mie nimeachika, baba. Mtaa mzima unajua."

"Serikali haijui."

Basi kwa kuwa serikali haijui, wakaung'oa mlango wake, wakaupeleka kwa jumbe uwe rehani. Mbuzi wa jirani wakaingia ndani, wakautafuna mkeka wa bibi harusi wa watu.

Zuena akaenda kwa jumbe.

"Mlete mumeo," jumbe akaamuru.

"Si mume wangu."

"Basi mlete huyo asiye mumeo."

Hukumu ya busara kama hiyo haikatiwi rufaa. Zuena akawaongoza matarishi hadi Kinondoni, wakamkuta Muhsin barazani anakunywa kahawa na mkewe mpya, Wahiba, na baba mkwe aliyewapa chumba.

"Unakaa wapi, bwana?" tarishi akamuuliza.

Muhsin hakukawia. "Hapa mie mgeni tu. Kwangu ni Temeke, kwa mke wangu huyu," akasema, akimwonyesha Zuena.

Tasbihi ya baba mkwe ikasimama. Siku ya posa aliapiwa kwamba hakuna mke mwingine.

"Mke wako?" Wahiba akauliza polepole.

Zuena akanyamaza. Si adabu kumkatiza mwanamume anapojichimbia kaburi.

"Huyu anakaa hapa," baba mkwe akawaambia matarishi. "Analala kwangu, anakula kwangu. Mchukueni."

Muhsin hakuwa na senti, akapelekwa kuvunja mawe ya barabara mpaka kodi iishe. Wahiba alimpelekea uji siku za mwanzo, kisha akadai talaka yake.

Jumbe alimrudishia Zuena mlango pamoja na karipio: kwa nini hakusema mapema kwamba ameachika? Zuena akaitika, "Nimekosa, bwana," akaubeba kichwani njia nzima hadi nyumbani.