Kaya Isiyo na Mgonjwa

Namba saba huwa naikata katikati kwa mstari mfupi, isije ikasomwa kama moja. Hakuna aliyenifundisha. Kompyuta pia nilijifunza mwenyewe, kwenye duka la steshenari karibu na mpaka pale Tunduma, nikichapa barua za madereva waliokwama foleni. Nilikuwa naogopa kukosea kiasi cha kurudia ukurasa mzima kwa sababu ya nukta.

Woga huo ndio ulionipatia kazi kwenye mradi mmoja wa afya. Tulikuwa na marundo mawili: madodoso tuliyojaza nyumba kwa nyumba, na fomu za madai ambazo zahanati zilipeleka bima ili zilipwe. Fomu hazikuwa na majina, namba tu. Nilitakiwa kuoanisha namba ya kaya na namba ya kadi, ili waonekane wagonjwa wa akili na wa kifafa ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Dawa za kifafa zingegawiwa kwa orodha hiyo. Zahanati ambayo haina mgonjwa haipati hata kidonge.

Madodoso karibu yote yalisema hakuna. Yangesemaje? Swali lenyewe lilikuwa hili: "Je, katika kaya hii kuna kichaa au mwenye kifafa?" Anaulizwa mkuu wa kaya, uani, majirani wamesimama wanasikiliza. Aliyelitunga sijui kama amewahi kuwa na ndugu. Mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Fomu za madai ndizo zilizosema, tena bila kukusudia. Kadi moja ya kijiji cha Ibaba, Ileje, mwanamke mtu mzima: kuungua mkono. Malaria. Jeraha la kichwa. Kuungua mkono uleule. Malaria tena. Kuungua bega. Nilimpelekea msimamizi.

"Huyu anaanguka motoni," nikasema. "Ni kifafa."

Akacheka. "Huko kwenu Ileje baridi, bwana. Watu wanalala wamekumbatia mafiga."

"Mara tatu?"

"Dodoso linasema hakuna mgonjwa. Acha kujifanya daktari, wewe wa steshenari."

Nilitoka. Niliwachukia wote: yeye na kicheko chake, matabibu waliofunga kidonda bila kuuliza mtu aliangukaje. Nikaenda kulichomoa dodoso la kaya ile, nimjue mvivu aliyelijaza.

Saba zote zilikuwa zimekatwa katikati.

Sitasema nilisahau. Ni nyumbani kwetu, na mwanamke yule ni dada yangu. Nadhani nilijua tangu niliposoma neno bega, maana kovu lile naliona kila Krismasi. Siku ya kujaza, mama alinisogelea akanong'ona, "Andika hakuna, mwanangu. Na wewe bado hujaoa." Nikaandika Hapana, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kubadilisha jibu kulihitaji saini ya kaya yenyewe. Jumamosi nikapanda Ibaba na dodoso limekunjwa kwenye bahasha. Mama hakutaka hata kulitazama.

"Unataka kututangaza?"

"Mama, dawa hazitakuja."

"Zisije. Tumeishi bila dawa."

Dada alikuwa pembeni anachambua maharage. Akaweka ungo chini.

"Tumeishi akina nani, mama? Anayeanguka ni wewe?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, mdogo wangu, siku ile uliniuliza nini? Uliniambia nikuletee kiti."

Ni kweli. Nilikalia kiti alichoniletea, nikaandika kwamba hayupo. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuwagawia watu wote, kumbe mwenye haki nayo ni yeye.

Akaninyang'anya kalamu. Kwanza alilikata neno kichaa, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Halafu akaandika Ndiyo, akatia saini penye mkuu wa kaya. Mama akaondoka akaingia ndani.

Jumatatu msimamizi alilishika dodoso kwa ncha za vidole.

"Limechanika hili. Nakili upya, wewe si ndiye bingwa wa usafi?"

"Sinakili."

"Nini?"

"Saini ni yake. Sinakili."

Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaligonga muhuri.