Obore Hataki Kiti

Obore, mtoto wa dada yangu, hupeleka karatasi za malori kwa miguu kutoka Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya. Kwa kutembea hakuna anayemshinda, ila mimi nilipokuwa kijana. Lakini akiamka, visigino vinamchoma kana kwamba anakanyaga misumari, na mgongo umekauka kama ubao. Ikifika saa nne anatembea vizuri. Ndiyo maana Patroba, bosi wake, akamwita mwongo.

Jana mimi na Obore tulimpelekea Patroba barua ya daktari wa Tororo. Shule niliacha darasa la sita, lakini niliisoma yote bila kukwama. Inasema ugonjwa huu wa uti wa mgongo huvimbisha kano pale zinaposhika mfupa. Akikaa tu anakakamaa, akitembea analainika.

Patroba akasikiliza, akatabasamu kama mchungaji wa kanisa. "Pole sana, Obore. Kuanzia leo utakaa ofisini upange mafaili. Nimekupa kiti."

Damu ikanipanda kichwani. "Wewe mtu mnene, masikio yako ni ya kushikia kofia tu? Hicho kiti ndicho kitakachomlemaza. Mwache aanze saa nne, atembee."

"Mzee, mimi nimemhurumia."

"Huruma yako ikalie mwenyewe."

Obore hakungoja tumalize. Aliinuka kwa kushika meza, akachukua karatasi za lori lililokuwa likingoja, akatoka akichechemea kuelekea mpakani. Patroba hakumrudisha. Angethubutu vipi, nami nimesimama mlangoni?