Uwanja Uliofagiwa Mno

Malipo ya kumtunza mama yangu, Sista anayeongoza nyumba ya wazee aliyaita mchango. Nilimuuliza kama mchango huo unapungua, maana mimi nauza mitumba pale Mbinga na sijawahi kutajiwa bei nikaacha kuijaribu.

"Mama, mchango haupungui," akasema. "Kuongezeka ndiyo unaweza."

Alisema huku anatabasamu. Nikajua nimekutana na mfanyabiashara mwenzangu.

Mama yangu alikuwa amevunjika nyonga akipandisha ndoo ya maji kutoka ziwani. Nyumba yake iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inapofika na samaki kushushwa. Mimi naishi mjini Mbinga, chumba kimoja, na siku za gulio niko Mpepai au Namswea na furushi langu. Mtu asiyeweza kwenda chooni peke yake humwachi kwenye chumba kimoja ukaenda kuuza magauni. Tukakubaliana aende kwa masista. Yeye ni Mwanglikana wa tangu kuzaliwa, nikadhani atagoma.

"Rozari yao ndefu," aliniambia wiki ya kwanza, "lakini na uji wao mzito. Nitakaa."

Tulikubaliana pia nyumba ya ziwani iuzwe, imlipie. Wakati tunasubiri mnunuzi, nililipa kwa mtaji wangu. Nilianza nikiwa muuza makoti. Miezi ikasogea, nikawa muuza mashati. Nilipofikia soksi, Sista aliniita pembeni.

"Kitanda cha mama yako tunakishikilia mpaka mvua ziishe," akasema. "Kuna wengine wanasubiri, na wao wana mama zao."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mkali unaweza kubishana naye.

Basi nikateremka ziwani kuiandaa nyumba vizuri zaidi. Nilihesabu bati, zikawa thelathini na mbili. Nilipohesabu tena zikawa thelathini na moja, kwa sababu moja ilikuwa imeegeshwa tu na upepo. Nyumba yenyewe ilikuwa nzima. Shida niliiona nje. Uwanja mzima ulikuwa umejaa usipa, wale dagaa wetu wadogo, umetandazwa juu ya vichanja vya miti na nyavu kuukuu, unameta kama sarafu mpya, na nzi wamekuja kama wamealikwa. Kina mama kama sita hivi walikuwa wanaugeuza.

"Shikamooni, mama zangu," nikasema. "Nyumba inauzwa. Naomba mnipishe uwanja."

Waliitikia marahaba, wakakusanya usipa wao, wakang'oa vichanja, wakaondoka. Hakuna aliyebisha. Mimi mtu akikubali bila kubisha huwa narudi kuhesabu chenji, lakini siku ile nilikuwa na haraka. Nilifagia uwanja mpaka ukaonyesha mistari ya ufagio. Mjini watu huandika ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi. Mimi nikaandika kwa rangi nyekundu kwamba hii inauzwa, nikasimama mbali kuangalia. Nilipendezwa na kazi yangu.

Watu walikuja. Waliusifu upepo, wakauliza hali ya mama, wakachungulia nyuma ya nyumba kama wanaotafuta kuku aliyepotea, wakaaga. Nikapunguza bei. Wakaja wachache zaidi. Nikapunguza tena, na sasa watu walipita njiani wakinisalimia bila kusimama. Jambo hili lilinishangaza kuliko lilivyoniumiza. Nimeuza suruali yenye tundu kwa kumwambia mteja ni ya kupitisha hewa. Nyumba nzima, yenye mlango na kufuli, ilinishindaje?

Wa mwisho kuja alikuwa tabibu wa zahanati, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka upande wa Ziwa Victoria. Huyu alikuwa na hamu kweli. Alipima vyumba kwa hatua, akagonga kuta, akauliza maji. Kisha akatoka nje, akatazama mwalo kule chini, akatazama uwanja wangu.

"Dada, hapa hapaanikwi dagaa?"

"Nimepasafisha," nikasema kwa fahari.

"Kwetu kiwanja kama hiki, karibu hivi na mwalo, kisingekaa kitupu hata asubuhi moja." Alifikiri kidogo. "Nitakupigia."

Hakunipigia.

Maneno yake yalinikaa. Jioni nilikwenda kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayeishi nyumba ya tatu kutoka pale. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamweleza yote, pamoja na bei. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Msimu wa usipa huu," akasema. "Uwanja uko hatua chache kutoka mwaloni, mtupu kama meza ya kanisani. Mtu akiona hivyo atafikiri nini?"

"Kwamba ni msafi."

"Kwamba una kesi, mwanangu. Watu wamezuiwa kuugusa. Halafu ukapunguza bei. Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi kesi kubwa."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akatupa ganda la muhogo kwa mbuzi.

"Na mama yako unadhani alikuwa anakula nini miaka yote? Upepo? Kila anayeanika pale anamwachia sado moja, akianua."

Sado ni ile ndoo ndogo ya kupimia, naijua vizuri. Sikujua kwamba za mama zilikuwa nyingi kiasi cha kumnunulia chumvi, mafuta ya taa na sadaka ya Jumapili. Alikuwa akiwauzia wachuuzi wanaopandisha usipa Mbinga. Nilikaa nikawaza ni mara ngapi nilisimama sokoni nikabishania bei ya usipa wa mama yangu mwenyewe. Na jinsi ninavyojijua, huenda nilipunguziwa.

Asubuhi niliwafuata kina mama mwaloni. Walikuwa wanaanika kwenye mchanga, na walinitazama kama mteja aliyerudisha nguo bila risiti.

"Ulitufukuza kwa adabu, tukaondoka kwa adabu," akasema mmoja, mnene, mwenye kanga kiunoni. "Sasa unataka turudi? Basi utubembeleze."

"Nawabembeleza, mama zangu. Mniachie sado na nusu."

Walicheka mpaka wavuvi wakageuka. Tukaanzia hapo. Nikashuka kwenye moja na robo, nikarudi kwenye moja ile ile ya zamani, na mwisho nikaongeza na baraza la nyumba, wahamishie usipa humo mvua ikinyesha. Sikumbuki mara nyingine nimeshindwa vile na bado nikaondoka nikipiga mluzi.

Sado zilipojaza gunia la kwanza, nilipanda nalo mwenyewe mpaka Mbinga, moja kwa moja kwa masista. Nilikuwa nimeona kwamba jikoni kwao wananunua usipa sokoni kila wiki, tena wenye mchanga. Sista alichukua mmoja, akaunusa, akautafuna taratibu.

"Hauna mchanga."

"Wa kwenye kichanja, Sista. Nusu ya mchango iwe usipa, nusu fedha."

"Robo."

"Sista, wazee wenu wanatafuna mchanga."

"Theluthi," akasema, "na gunia lisipungue."

Ilikuwa afadhali, lakini haikutosha. Theluthi mbili zilizobaki zilikuwa bado zinakula soksi zangu. Hapo ndipo simu ya tabibu ilipoita. Alikuwa amepita pale nyumbani akaona uwanja umejaa, watu wanapiga kelele, nzi wote wamerejea. Alitaka kununua, kwa bei ile ya kwanza kabisa, kabla sijaanza kupunguza.

Nilimpelekea mama habari hiyo mbio mbio, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alikuwa ameketi kitandani anachambua usipa wa jikoni, anatoa vichwa. Masista walikuwa wamempa kazi hiyo, au alikuwa ameinyakua.

"Akinunua, uwanja wa nani?"

"Wake."

"Na sado?"

Nikachukua usipa mmoja kwenye ungo, nikautoa kichwa.

"Hizo fedha za kuuza zitakwisha lini?"

Nilihesabu kichwani. Nikahesabu tena. Mara zote mbili fedha ziliisha na mama bado yu hai.

"Mwambie apange," akasema. "Vyumba viwili. Baraza asiliguse."

Tabibu alinung'unika, akakubali. Siku niliyoleta kodi yake ya kwanza pamoja na gunia, Sista alihesabu mbele ya kitanda cha mama, nami nikahesabu baada yake. Ilitosha. Kitanda kilibaki cha mama, na juu ya hapo ikasalia hela ya sabuni.

"Vizuri sana," Sista akanigeukia. "Sasa, Mama, kuhusu mchango wa mwaka ujao, unajua bei ya mahindi imepanda..."

"Sista," mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo wake, "njoo uketi hapa. Mwenye nyumba ni mimi."