Hodi ya Modemu

Mtaa mzima humwita mume wangu Taa Tatu, kwa kuwa hutengeneza modemu. Mimi, bila hata kuulizwa, nikawa Mama Taa. Taa nyekundu, modemu inatafuta mnara. Njano, imeupata, inabisha hodi na kutaja namba ya laini. Buluu, mnara umeitambua, umejibu karibu.

“Ila modemu haina akili,” mume wangu hunung'unika. “Huingia kwa yeyote anayepaza sauti zaidi.”

Asubuhi ile mafundi walikuwa wameteremsha antena za mnara wetu, na modemu zote mezani zilikuwa nyekundu. Ghafla zikawa buluu, zote kwa pamoja.

“Afadhali, mtandao umerudi!” nikasema.

Hakutabasamu. Akachungulia dirishani. Antena zilikuwa bado chini, lakini mlangoni kwetu lilisimama gari la kijivu, vioo vyeusi, mlingoti mfupi juu ya paa.

“Mke wangu, zimebisha hodi kwenye gari lile! Zima kila kitu. Na simu yako!”

Nikaitazama simu. Ujumbe wangu kwa kaka yangu aliye mafichoni, uliokwama tangu mnara uzimwe, ulikuwa umeshakwenda: “Usitoke hapo kwa shangazi.”

Nje, gari likawashwa.