Punda wa Bwana Mifugo

Mayala aliwahi kuwa mtu mkubwa kwenye minada ya mifugo, na ukitaka kumwelewa uanzie hapo. Alivaa koti jeupe lililofika magotini, na mfukoni alichomeka peni nyekundu. Hakuna mnyama aliyetoka mnadani kwenda kwa mnunuzi kabla yeye hajamfungua mdomo, kumpapasa shingo na kumwinua kwato. Akikataa, amekataa, hata ungemletea nani. Wachuuzi walimwita Bwana Mifugo mbele yake, na kisogoni walimwita majina mengine ambayo sitayataja hapa. Aliyajua yote na wala hayakumnyima usingizi.

Halafu ikaja ile miaka ya kupunguza watu serikalini. Biashara iachiwe wafanyabiashara, wakasema, na serikali ipumue. Mayala akapewa barua, akapewa kiinua mgongo, akaambiwa asante. Josho la kuogeshea ng'ombe alilokuwa akilisimamia likakauka, mbuzi wakaligeuza mahali pa kulala. Mnada wenyewe haukufa, tena ulinenepa, ila sasa kila mtu aliuza anachotaka kwa anayetaka, na pale alipozoea kusimama na peni yake pakatandikwa mitumba. Jamani, lile lilimuuma! Angeweza kuvumilia kukosa mshahara. Kilichomkera ni kuona ng'ombe mwenye kikohozi anauzwa mchana kweupe na hakuna wa kusema kitu.

Kwake ni Buswelu, kule ambako miaka hiyo mji ulikuwa unapanda kwa fujo. Kila kiwanja kilikuwa na mtu anachimba msingi, na kila msingi ulitaka mawe na mchanga. Mayala akapiga hesabu ya kawaida kabisa: punda mmoja, mkokoteni mmoja, na nyumba isingelala njaa. Mkewe, Rebeka, ambaye alikuwa akiuza dagaa sokoni Pasiansi, alimwambia nunua, wewe ndiye unayewajua wanyama. Basi mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, masika yalipokatika, akaenda mnadani.

Punda alikuwa dume, kifua kipana, meno ya miaka sita. Mayala alimkagua mbele ya watu kwa maringo ya zamani, na watu walimzunguka kumtazama. Alipofika mguu wa mbele wa kushoto akakuta pamepakwa oili chafu ya gari, nyeusi ti.

"Hapa pana nini?"

"Kamba, mzee," muuzaji akajibu. Alikuwa bwana mmoja mwenye sweta la kijivu. "Tulimfunga vibaya, ikamchubua."

Mayala akainama. Kamba huchubua kwa kuzunguka mguu, hilo hata mtoto wa mfugaji analijua. Hapa palikuwa na matundu mawili yaliyoanza kufunga, na chini yake tundu la tatu. Zamani, akiwa na koti lake, punda yule angetengwa zizini kwanza, na muuzaji angeeleza vizuri. Lakini siku hiyo hakuwa na koti. Nyuma yake alisimama mnunuzi mwingine, ameshakunja mikono ya shati, anasubiri huyu mzee aondoke. Mayala akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kamba tu hii, itapona."

Nani alimdanganya? Yule wa sweta alidanganya kidogo. Kubwa alijidanganya mwenyewe.

Kwa siku kumi na mbili punda alifanya kazi kama aliyetumwa. Binti yao wa pekee, Kija, wa miaka kumi na moja, alimpenda mpaka akawa anamchambulia majani. Siku ya kumi na tatu punda akasusa chakula. Ya kumi na nne, asubuhi, mate yalikuwa yanamchuruzika, anainamia ndoo ya maji, anachovya pua, lakini kumeza hawezi. Sauti yake ilikuwa imekauka, akilia unasikia mkwaruzo tu.

"Baba, tumwite mtu," Kija akasema.

"Mtu gani? Mtu si ndiyo mimi!"

Na hapo ndipo ujuzi ulipomponza. Asiye na ujuzi angemwogopa yule mnyama, angekaa mbali, na leo tusingekuwa na habari hii. Mayala alikuwa ameshaokoa punda wawili maishani mwake waliokwamwa na gunzi la mahindi kooni, na dalili zilikuwa hizihizi: mate, kushindwa kumeza, kunyoosha shingo. Alikuwa ameliingiza gunzi lile akilini kabla hata hajaliona. Akakunja mkono wa shati.

"Shika kamba hapa karibu na kichwa. Usiachie."

"Baba, macho yake siyapendi."

"Shika, nakwambia!"

Akashika. Mayala akauvuta ulimi pembeni, akazamisha mkono wa kulia hadi kifundoni, akapapasa koo. Hakuna gunzi. Akapapasa tena, mbele zaidi. Punda akafunga meno. Mayala aliuchomoa mkono, vidole viwili vimechubuka, damu inatoka kidogo tu. Kabla hajasema neno, mnyama akageuza kichwa akamng'ata Kija mkono, chini ya kiwiko, mtoto akapiga yowe. Punda akamwachia. Kisha akainama, akaung'ata mguu wake mwenyewe wa kushoto, palepale penye yale matundu, akawa anaurarua huku amesimama, vipande vya ngozi vinaning'inia mdomoni.

Ndipo Mayala alipojua. Hakuhitaji maabara. Matundu yale yalikuwa ya meno ya mbwa, na punda alikuwa na kichaa cha mbwa.

Akamnyakua Kija, akafunga mlango wa zizi kwa mnyororo. Akachukua mche mzima wa sabuni na maji, akauosha mkono wa mtoto, akausugua, akausuuza, akausugua tena, Kija analia anamwita mama yake, naye anarudia, "Vumilia mwanangu, vumilia kidogo." Sabuni ilipobaki kipande kidogo tu, ndipo alipokumbuka vidole vyake. Akaviosha kwa kile kilichobaki.

Hospitalini walimkuta nesi Dorotea, mama mtu mzima ambaye alimjua Mayala tangu enzi za koti. Alisikiliza habari ya punda na mtoto mpaka mwisho. Akaenda kwenye friji, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kufungua mlango, akarudi na chupa ndogo tano kwenye kisahani.

"Nimebakiwa na dozi ya mtu mmoja," akasema. "Sindano tano. Leo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Ukikata katikati ni kazi bure. Nyingine zimeagizwa Dar. Zitakuja mwezi ujao, au ule mwingine, siwezi kukudanganya." Akawasha taa ya mezani, akachukua peni. "Nani mwingine ameguswa na mate ya huyo mnyama?"

Mkono wa kulia wa Mayala ulikuwa mfukoni.

"Hakuna," akasema. "Mimi nilishika kamba."

Kija akamtazama. Mayala akamfinya bega, taratibu. Walipotoka nje, mkono wa mtoto umefungwa bandeji, aliuliza kwa nini baba kasema uongo.

"Sisi wa mifugo tulishachomwa zamani kazini," akamjibu. "Ile dawa haitoki mwilini. Na mama yako usimwambie habari ya mkono wangu, utamtia presha ya bure."

Uongo mtupu. Kazini walipewa viatu vya mpira na kitabu cha risiti, basi.

Punda akafa siku mbili baadaye, wakamzika kwenye shimo la kina cha mtu. Rebeka alilia kwa ajili ya punda, kisha akalia kwa ajili ya Kija, kisha akamgeukia mumewe akamwambia maneno makali kuhusu macho yake ya kitaalamu. Mayala alikuwa anaogopa, ndugu zangu, tusimpambe. Alizunguka maduka ya dawa mjini, yale yaliyofumuka kila kona baada ya biashara kufunguliwa, yenye vioo na mizani na mafuta ya kung'arisha ngozi. Dawa yake hawakuwa nayo. Mwenye duka mmoja alisema anaweza kuiagiza Nairobi, akataja bei, na bei ile ilikuwa punda wawili na nusu. Akaenda kukopa kwa watu aliowahi kuwakatalia ng'ombe wao. Walimkaribisha chai tu, pesa hawakumpa.

Kila siku ya sindano ya Kija alimuuliza nesi kama boksi limefika. Anauliza juujuu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Siku ya tatu, bado. Ya saba, bado. Ya kumi na nne, bado.

Siku ya ishirini na sita vidole viwili vikaanza kuwasha. Vidonda vilikuwa vimeshafunga, hata makovu huyaoni vizuri, lakini ndani yake palitambaa kitu kama siafu. Kesho yake siafu wakapanda mpaka kiwikoni. Mayala aliijua njia hiyo. Alikuwa ameiandika yeye mwenyewe, kwa peni nyekundu, katika taarifa ya mchunga ng'ombe mmoja aliyeng'atwa na mbwa: kwanza kidonda kinawasha, kisha mkono, kisha koo, na ndani ya wiki mbili kaburi. Na alijua vilevile kwamba kuanzia pale hakuna sindano inayosaidia.

Siku ya ishirini na nane Dorotea aliwapokea anacheka. "Mtoto wako leo anamaliza! Na lile boksi ulilonisumbulia, Bwana Mifugo, limeingia jana jioni."

Akamchoma Kija ya mwisho. Kisha akauona mkono wa Mayala, jinsi alivyokuwa anausugua kwenye suruali bila kujijua, na kicheko kikamwisha.

"Lete huo mkono."

Akauleta. Nesi akavigeuza vidole kwenye mwanga wa dirisha.

"Tangu lini?"

"Juzi."

Dorotea alikaa kwenye kiti. Aliangalia kisahani alichokitumia kwa Kija, akamwangalia Kija mwenyewe, na hapo akaelewa kila kitu. Machozi yalimjaa, akayafuta haraka kwa mgongo wa mkono.

"Na yeye anachomwa?" Kija akauliza. "Si alishachomwa kazini?"

"Wanarudia," Mayala akasema, akimtazama nesi. "Si mnarudia, mama?"

"Ndiyo," nesi akasema. "Tunarudia."

Akamchoma. Akachukua kadi mpya, akaandika jina, akaandika tarehe tano chini yake kwa mwandiko mzuri, akampa. Kisha akageuka, akawa anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Njiani Kija aliing'ang'ania kadi ile mpaka akapewa. Alikuwa mwepesi siku hiyo, amemaliza sindano zake, anarukaruka juu ya mawe, anazisoma tarehe kwa sauti. Alipofika ya tano akasimama, akahesabu kwa vidole.

"Baba, hii ya mwisho shule zitakuwa zimefungwa! Nitakusindikiza mimi. Wewe ulinisindikiza zote."

"Sawa," Mayala akasema. "Utanisindikiza."