Mtu Aliyekufa katika Vitabu Vitatu

Ida Mlowe hagombani sana na watu. Hugombana na vitabu. Wasichana wa sekondari ile iliyo pembeni mwa Makambako wamezoea kumsikia nyuma ya rafu akiuliza kwa sauti, "Nani kakwambia?" na anayeulizwa ni ukurasa. Ana miaka hamsini na mitatu. Zaidi ya nusu ya hiyo ameitumia kutunza vitabu vilivyoandikwa na wengine, na bado hajavisamehe.

Wiki ile ya Juni, baridi ikiwa imekaa madarasani kama mwanafunzi wa kudumu, vitabu vitatu vilikuwa juu ya meza yake. Vyote vilikuwa vya Kiingereza, vya maisha ya watu mashuhuri wa dunia, na vililetwa na wauzaji ili vikaguliwe. Shule ingenunua kimoja tu. Bodi ingekaa Ijumaa, na Ida alitakiwa kutoa ripoti ya kueleza kipi kinafaa na kwa nini. Kimoja kilikuwa kinene mno, kingo za kurasa zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Cha pili kilikuwa chekundu, kimejaa picha. Cha tatu kilikuwa chembamba, cha miaka ya nyuma, jalada lake limefifia.

Mkuu wa shule, Mwalimu Oliva, alikuwa ameshaamua.

"Mama Ida, andika kile kinene tumalize. Mgeni akiingia maktaba akakiona, atajua hapa kuna shule."

"Atakisoma?"

"Atakiona."

Jibu hilo lilimkera Ida siku nzima.

Alikuwa na namna yake ya kupima maisha yaliyoandikwa, nayo hakuifundishwa chuoni. Kwa miaka mingi yeye ndiye huandika na kusoma wasifu wa marehemu katika usharika wake. Kwetu hakuna mtu anayezikwa bila kusomwa. Awe mkulima wa viazi au mkuu wa wilaya mstaafu, kabla jeneza halijainuliwa mtu husimama na karatasi: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alipata kipaimara mwaka gani, alioa nani, alifanya kazi gani, aliumwa nini na kwa muda gani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Na wanaosikiliza ni watu waliomjua. Ukikosea hesabu ya wajukuu, mashangazi waliokaa kwenye mikeka wataguna mpaka urudie.

Kwa sikio hilo Ida alivisoma vile vitabu, na vikamchosha. Fulani alifariki mwaka fulani. Kwa ugonjwa gani? Hakuna. Mfalme mmoja kapewa safu mbili nzima kwa kurithi kiti cha baba yake. Mwanamke aliyegundua dawa kapewa mistari minne, miwili kati ya hiyo ikimhusu mume wake. Watu walikuwa wakizaliwa, wakipewa tuzo, wakifa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuwapikia uji. Akaandika kwenye daftari lake: "Hawa hawakuwa na shangazi?"

Jumanne mchana akaingia Peace Mhema, msichana wa kidato cha pili, ameshika karatasi kwa ncha za vidole kama kitu kilichooza.

"Mama Ida, naomba kuona kitabu kinachosema babu yangu amekufa."

"Babu yako yupi?"

"Elius. Mkimbiaji. Mwalimu Anold alituambia tuandike kuhusu mtu mashuhuri wa kwetu. Nikaandika yuko Mdandu, analima. Akanipa sifuri. Anasema kitabu kinasema alifariki, kwa hiyo nimetunga."

Ida akaichukua ile karatasi. Kwa kalamu nyekundu, Mwalimu Anold alikuwa ameandika: "Fanya utafiti. Usibuni."

"Wenzangu sasa wananiita mjukuu wa mzimu," Peace akasema. "Jana bwenini wameniuliza kama babu akija kunitembelea anapita mlangoni au ukutani."

Ida hakucheka. Akafungua kile kinene, akapekua hadi herufi ya M. Akafungua chekundu. Akafungua chembamba. Vyote vitatu vilikuwa na maneno karibu yaleyale: Mhema, Elius Amos, mkimbiaji wa mbio ndefu wa Tanzania, alizaliwa 1953, alitwaa medali ya fedha mwaka 1973, baadaye akawa fundi redio, alifariki 1994.

"Babu yako amewahi kutengeneza redio?"

"Babu? Hata kubadilisha betri huwa anamwita jirani."

Kilichomkera Ida hakikuwa kosa lenyewe. Kosa ni jambo la binadamu. Kilichomkera ni kwamba vitabu vitatu vilikuwa vimekosea kwa mdomo mmoja. Kinene kilikuwa kimenakili chekundu, chekundu kimenakili chembamba, na kila kimoja kilipokopi kilikuwa kimeongeza bei. Hakuna aliyemwuliza mtu. Kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa Elius si safari ya kumshinda mtu mwenye nia.

Kesho yake akaomba ruhusa, akapanda gari la asubuhi, akamalizia njia kwa bodaboda. Mzee Elius alikuwa shambani akichimbua viazi, mwembamba, miguu mirefu, sweta limechanika kwapani.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Karibu, binti. Umekuja na baridi ya Makambako au hii ni yetu?"

Ida akamweleza yote akiwa bado amesimama kwenye tuta. Mzee akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Nimekufa! Kwa ugonjwa gani?"

"Hawakuandika."

"Nimezikwa wapi? Nani alisali?"

"Hawakuandika, baba."

"Basi hao hawajui msiba. Na nilikufa mwaka gani?"

"Tisini na nne. Wanasema ulikuwa fundi redio."

Kicheko kikakatika. Mzee akapangusa kiazi udongo, taratibu, kana kwamba kiazi kile ndicho kilichouliza swali.

"Mwaka tisini na nne alikufa mdogo wangu, Amos," akasema. "Fundi redio ni yeye. Aliyezaliwa hamsini na tatu ni yeye." Akamtazama. "Na aliyesoma wasifu wake ni wewe, Ida. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameuweka mbali, jinsi mtu anavyoweka mbali nguo isiyomtosha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka tu kusomea ukutubi, na ule ulikuwa wasifu wake wa kwanza. Mjomba wa marehemu alimsomea mambo ya nyumba nzima kwa mpigo, huku watu wakiulizana jeneza limefika wapi. Karatasi ya Amos ilikuwa fupi. Hakuoa, hakuacha mtoto, alitengeneza redio, akaumwa kifua, akafa. Ufupi ule ulimtia Ida aibu. Katika maneno ya mjomba palikuwa na medali, medali ya nyumba ile, naye akaiandika chini ya jina la aliyekufa. Hakuuliza ilikuwa ya nani. Miezi miwili baadaye wasifu ule ulichapwa katika jarida la kanisa, na Ida aliukata ukurasa ule akamtumia mama yake.

"Ulikuwepo," akasema. "Ulikuwa umesimama karibu na mlango. Kwa nini hukusema kitu?"

"Shangazi Dorosela alitaka kuguna. Alinitazama kwanza. Nikamtikisia kichwa."

"Lakini kwa nini, baba?"

"Mama yangu alikuwa kwenye mkeka. Siku mbili hakuinua uso, hata maji alikuwa hanywi. Ulipofika pale pa medali, akainua kichwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Sasa mimi ningesimama niseme, jamani, samahani, ile ni yangu?" Akakitupa kiazi kwenye kiroba. "Nilijua ni ya saa moja tu. Tukishazika, kila mtu angerudi na chake."

Jioni, Ida alifungua tena kile kitabu chembamba. Kurasa za mwisho, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, kilitaja kila habari ilikotoka. Kwenye jina la Mhema palikuwa na vyanzo viwili: orodha ya matokeo ya mashindano, iliyoandika Elius Mhema, na jarida la kanisa la mwaka 1994. Mtungaji aliwakuta Mhema wawili wenye medali moja, akawashona wakawa mtu mmoja. Kinene na chekundu havikusema vimetoa wapi chochote. Ida akakaa akiitazama ile mistari midogo. Miaka yote aliuliza kurasa nani kaziambia, na safari hii ukurasa ulikuwa umemjibu.

Ijumaa bodi ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ebeneza, mzee wa usharika na mfanyabiashara wa mbao, mtu anayeheshimu kitabu kwa uzito wake.

"Mama Ida," akasema, "nimeelezwa una ugomvi na kitabu cha dhahabu."

"Vyote vitatu vinasema Elius Mhema wa Mdandu amekufa. Juzi nimemkuta anachimbua viazi."

"Vitabu vitatu vinasema hivi, wewe mmoja unasema vile. Hapo hesabu inakuwaje?"

"Mzee, si vitatu. Ni kimoja kilichonakiliwa mara mbili. Na hicho kimoja kilinisoma mimi."

Mwalimu Oliva akamkazia macho, akitaka aishie hapo. Ida akatoa ukurasa wa lile jarida, uliokuwa bado kwenye sanduku la mama yake, akawasomea wasifu wa Amos kama alivyousoma zaidi ya miaka thelathini iliyopita, mpaka penye medali. Kisha akasema: "Hapa niliandika uongo. Sikuuliza. Mtoto Peace amepewa sifuri kwa kosa langu."

Mzee Ebeneza akavua miwani.

"Wewe ndiye uliyesoma wasifu wa mke wangu."

"Ndiyo, mzee. Ule nilimsomea kwanza dada yake, akanisahihisha mara nne."

"Nne?"

"Tano. Moja ilikuwa kuhusu wewe. Aliniambia niiache."

Hata Mwalimu Oliva akacheka. Mwalimu Anold, aliyeitwa kwenye kikao, hakucheka. Alikuwa akiichora karatasi yake vimstari.

"Nitamrudishia alama zake," akasema.

"Mrudishie mbele ya darasa, mwalimu. Sifuri ulimpa mbele ya darasa."

"Sawa, mama."

"Haya, na kitabu?" akauliza mwenyekiti. "Maana sote tumesikia vyote vinamzika mtu mzima."

"Mnunue kile chembamba."

"Chembamba ndicho kilichoanza kukosea!"

"Ndiyo. Lakini ndicho pekee kinachoonyesha kilikosea wapi. Hivi viwili, mtoto akidanganywa, hana pa kwenda kuuliza."

Walibishana saa nzima. Mwalimu Oliva alisema chembamba kitaaibisha rafu. Mjumbe mmoja akauliza kama chembamba kinaweza kuwekewa jalada la dhahabu. Mwishowe uamuzi ukaahirishwa hadi kikao kijacho, na Ida akatoka akiwa amebana meno, vitabu vitatu kifuani, vizito vilevile.

Jumamosi akaandika barua kwa wachapishaji, wote watatu. Elius Mhema yu hai. Alizaliwa 1949. Medali ya 1973 ni yake peke yake. Amos Mhema alikuwa mdogo wake na hakuwahi kushindana. Chini akaandika jina lake na maneno: mimi ndiye mwandishi wa chanzo chenu. Alipomaliza, akampigia simu mzee Elius, akamsomea neno kwa neno.

Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia. Umenifufua vizuri. Amos umemvua medali. Umempa nini?"

Ida akatazama barua. Hakuwahi kushindana. Ndiyo yote aliyokuwa amempa.

"Sina kitu, baba. Hata mwaka ule sikuwa na kitu. Niambie wewe."

"Alikuwa na baiskeli isiyo na breki," akasema mzee. "Asubuhi nikienda mazoezi, yeye anatangulia nayo, anapiga kengele, ili mbwa watoke barabarani. Kila siku, miaka mitatu. Mbwa walimng'ata mara mbili. Mimi hawakuning'ata hata mara moja."

"Hao wachapishaji hawataliweka hilo, baba."

"Najua. Wewe liandike."

Ida akavuta kiti, akafuta mstari wa Amos, akaanza upya.

"Mara mbili, umesema? Mguu upi?"